Je, Udongo Waweza Kumtuliza Mwenye Huzuni?

Wahenga walisema, Mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake twaijua sote: yeye awafinyangiaye wenzake vyungu na mitungi, mwenyewe hula chakula chake katika kigae, kwa kuwa vyombo vizima vimekwenda sokoni. Lakini neno hilo "hulia" lina maana mbili. Ni kula, tena ni kutoa machozi. Basi mwenye kusikiliza aweza kuisikia mithali hii kwa njia ya pili, ya kwamba mfinyanzi huketi juu ya vigae vyake akalia. Hatusemi kwamba wahenga walikusudia hivyo. Twasema tu kwamba maana hii ya pili nayo ina ukweli wake, na ndiyo tutakayo kuifikiri mwezi huu pamoja na wasomaji wetu.

Swali letu ni hili: Mtu aliyepatwa na huzuni, je, aweza kupata nafuu kwa kazi ya udongo? Na kama aweza, nafuu hiyo ni ya namna gani, na mpaka wake ni wapi? Swali hili si la wafinyanzi peke yao. Hakuna nyumba ambayo msiba haukuingia, nasi sote tumepata kuwaona watu ambao maneno yetu ya kuwafariji hayakuwafaa kitu.

Kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe, kwa maana wengi wetu twatumia chungu wala hatujui kilivyozaliwa. Udongo huchimbwa bondeni au kando ya mto, ukaletwa nyumbani kwa kikapu. Huanikwa, hupondwa, hutolewa mawe na mizizi, kisha hulowekwa. Lakini udongo mtupu mara nyingi haufai peke yake. Unapokauka hunywea mno, ukafanya nyufa. Na ukitiwa motoni hupasuka. Kwa hiyo mafundi huuchanganya na kitu kigumu. Wengine hutia mchanga. Wengine huokota vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakavisaga vikawa chenga, wakazikanda chenga hizo pamoja na udongo mpya. Vigae hivyo vimekwisha kupita motoni mara moja, havinywei tena. Navyo hufungua njia ndogo ndogo ndani ya udongo, ili maji yapate kutoka taratibu. Msomaji na alikumbuke jambo hili la vigae, kwa kuwa tutalirudia.

Udongo ukiisha kukandwa hata hewa yote imetoka, ndipo mfinyanzi huanza kuinua kuta za chungu kwa vidole vyake. Hulainisha kwa gunzi la muhindi au kwa kipande cha kibuyu, na chungu kikianza kukauka hukisugua kwa kokoto laini hata king'ae. Kisha hukiweka kivulini siku kadhaa. Hapo hapana haraka, maana maji yakibaki ndani, moto utayageuza kuwa mvuke, na mvuke utakipasua chungu. Mwisho huja moto wa kuni na majani makavu. Joto likifika digrii 600 hivi, udongo huigeuza asili yake. Hata ukiuweka majini mwaka mzima, hauwi tope tena.

Kazi hii katika sehemu nyingi za nchi zetu ni ya wanawake. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wamejulikana kwa vyungu vyao tangu zamani; huvipakia katika mitumbwi wakavipeleka soko la karibu na Matema, na kutoka huko huenea mbali. Tena kila fundi ana mkono wake. Mnunuzi mzoefu hutazama mdomo wa chungu na mapambo ya shingoni, akasema, "Hiki ni cha mama fulani." Fundi hakuandika jina lake, walakini amejiandika mwenyewe. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja katika Nigeria mwaka 1974 akajifunza kwa wanawake wa huko kuinua chungu kwa mikono bila gurudumu. Na vyombo alivyovifanya baadaye, visivyopikiwa wala kutekewa maji, vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Watu huvitazama shingo na matumbo yao kama wamtazamavyo mtu aliyesimama. Basi asiseme mtu kwamba chungu ni chombo cha kupikia tu, hakina la kusema.

Sasa na tusimulie jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe, nalo ni kwa aibu yetu.

Katika kijiji tulichokuwa tukifundisha palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, ambaye jina lake hatutalitaja. Alifiwa na mtoto wake kitinda mimba, wa miaka mitano. Matanga yalipokwisha mama yule hakusema na mtu. Aliketi mlangoni, mikono yake juu ya magoti, kama kwamba si mikono yake. Tulikwenda kumfariji, sisi na wazee. Tulisema mengi. Tulimwambia asilie sana, na kwamba yatupasa kushukuru kwa kila jambo, na kwamba anao watoto wengine. Alituitikia kwa heshima, akatushukuru, nasi tukarudi makwetu tukidhani kwamba tumefanya kazi njema.

Siku nyingine alikuja wifi yake, mwanamke mzee asiyekuwa na maneno mengi. Huyu hakumfariji. Aliweka chini kikapu cha vigae na jiwe la kusagia, akasema, "Wifi, nataka kufinyanga na chenga zangu zimekwisha. Mgongo wangu hauwezi. Nisagie." Yule mama akavitazama vigae muda mrefu, kisha akaanza kusaga. Alisaga siku ile, na siku ya pili, na siku ya tatu. Kila mtu aliyepita njiani alisikia sauti ya jiwe. Siku ya nne akachukua udongo mwenyewe.

Lakini hakufinyanga chungu cha kuuza. Alifanya kichungu kidogo, cha kutosha konzi moja ya unga, chenye mifuniko miwili kwa sababu wa kwanza haukumpendeza. Alikipamba shingoni kwa ncha ya mwiba, akakichoma pamoja na vyungu vya wifi yake, akakiweka katika kichaga cha vyombo. Watu wakanong'ona. Wengine walisema huzuni imemharibu akili, maana anafinyanga vyombo vya mchezo na mtoto hayupo. Wazee wakatutuma tukamwulize, tukaenda.

Akatujibu, "Mwalimu, ni chake. Alikuwa akiniomba nimfinyangie chungu chake, nami nikimwambia kesho, kesho. Vyungu vya watu vilikuwa vingi."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tuliketi. Yeye akalia mbele yetu, nasi kwa mara ya kwanza hatukumwambia anyamaze. Baada ya majuma machache alirudi sokoni na vyungu vyake. Hatusemi kwamba alipona, kama mtu aponavyo homa. Aliendelea kulia, ila sasa aliweza kulia huku akikanda udongo, na aliweza kulitaja jina la mtoto.

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi, ni nini alichopewa na kile kikapu cha vigae ambacho maneno yetu hayakuweza kumpa? Twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza, alipewa kazi kabla hajatakiwa kupona. Sisi tulimtaka awe mzima ndipo arudi katika kazi. Wifi yake alijua kwamba mikono huweza kutangulia na moyo ukafuata. Tena hakumpa kazi ya kumpumbaza. Alimwomba msaada wa kweli, naye mwenye kuombwa msaada hujua kwamba angali ni mtu miongoni mwa watu.

Jambo la pili, huzuni yake ilipata umbo. Lile deni la "kesho, kesho" lilikuwa ndani yake halina mahali pa kukaa. Lingesemwaje? Angelitamka, sisi tungalimwambia, "Usijilaumu." Na neno hilo lingekuwa la kweli, wala lisingemfaa. Lakini udongo haumkatizi mtu maneno. Hupokea alama ya kidole kama kilivyougusa, kwa nguvu au kwa upole. Alilolifanya lilisimama nje yake. Akaweza kulitazama, na kulishika, na kuliweka katika kichaga pamoja na vyombo vingine vya nyumba. Huzuni iliyo ndani haina mwisho wala pembe. Iliyo katika kichungu, mtu aweza kuiona imeanza wapi na kuishia wapi.

Jambo la tatu, mwendo wa kazi ile ulifanana na mwendo wa msiba. Udongo haukubali haraka. Ukianikwa juani hupasuka, na ukitiwa motoni ungali na maji hulipuka. Hivyo ndivyo alivyo mtu anayeharakishwa kunyamaza: machozi yaliyobaki ndani hugeuka kitu kingine kilicho kikali zaidi.

Labda msomaji atasema, "Haya ni mawazo ya mwalimu tu." Na ajue kwamba wataalamu nao wamelipima jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Drexel, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, walitoa habari za watu wazima 39 waliopewa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi, wakaachwa watengeneze walichotaka kwa muda wa dakika 45. Kabla ya kazi na baada yake, mate yao yalipimwa ili kujua kiasi cha kotisoli, yaani kitu ambacho mwili hukizidisha mtu anapokuwa katika mashaka. Kwa kadiri ya robo tatu ya watu wale, kotisoli ilipungua. Na wale wasiowahi kujifunza sanaa walipata faida sawasawa na wenye kujua. Lakini tusisahau ile robo iliyobaki. Kwao haikupungua hivyo. Kwa hiyo hata kipimo chatufundisha tusimpe kila mtu dawa moja na kumlaumu isipomfaa.

Twasoma pia ya kuwa Ayubu, alipopotewa na watoto wake na mali yake na afya yake, aliketi majivuni na kigae mkononi. Rafiki zake walipofika, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hawakusema neno. Watu huwakumbuka rafiki wale kwa makosa yao tu. Walakini kwa siku saba walifanya vema kabisa. Walikosa walipoanza kueleza.

Mpaka hapa tumesema habari za msiba wa kifo, ambao mara nyingi hakuna mtu wa kulaumiwa. Lakini iko huzuni nyingine, itokayo mikononi mwa watu. Je, huzuni hiyo nayo tuipeleke kwenye udongo? Hapo inafaa tumtaje mfinyanzi mmoja wa nchi ya mbali, kwa kuwa habari zake zalijaribu jibu letu kama moto unavyojaribu chungu.

Katika jimbo la South Carolina huko Marekani, mahali paitwapo Edgefield, alikuwako mtumwa mmoja, mtu wa jamii ya Waafrika, aliyezaliwa karibu na mwaka 1800. Jina lake alikuwa akiitwa Dave. Alifanya kazi katika karakana za mabwana zake, akifinyanga mitungi mikubwa ya kuhifadhia nyama na mafuta. Mitungi ile ilipakwa mchanganyiko wa majivu na mchanga, ikachomwa katika tanuri zenye moto mkali, na mchanganyiko huo ukayeyuka juu yake ukang'aa kama kioo. Miwili aliyoifanya mwaka 1859, akisaidiwa na mtumwa mwenzake, kila mmoja wachukua kadiri ya galani 40, yaani kama lita 150.

Mtumwa huyu alijua kusoma na kuandika. Mwaka 1834 jimbo lile lilitoa sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika. Lakini yako mitungi yake, tangu mwaka ule ule wa 1834, ambayo kabla ya kukauka aliichora begani kwa kitu chenye ncha: mara jina lake, mara tarehe, na mara nyingine shairi fupi la mistari miwili yenye vina. Mtu ambaye kwa sheria ya nchi hakuwa na mali, hata mwili wake mwenyewe si wake, aliweka jina lake katika udongo, akautia moto ili lisifutike. Kila mtu aliyefungua mtungi kuchukua nyama aliliona.

Mtungi mmoja una tarehe ya 16 Agosti 1857. Twajua kwamba katika biashara ile watu waliuzwa mbali na mama zao, na wake wakatengwa na waume zao. Basi katika mtungi huo Dave aliwaulizia jamaa zake, wako wapi. Na baada ya swali hilo hakuweka laana, bali salamu ya urafiki kwa wanadamu wote. Msomaji na afikiri moyo ulioweza kuyaweka mambo hayo mawili katika mistari miwili tu.

Uhuru ulipofika mwaka 1865, alikuwa mzee. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1870 aliandikwa kwa jina la David Drake, na kazi yake ni ya ufinyanzi. Na mwaka 2022 jumba kubwa la makumbusho la New York, Metropolitan Museum of Art, lilifanya maonyesho ya kazi za wafinyanzi weusi wa Edgefield, na mitungi yake ikasimamishwa humo, watu wakaja kuisoma.

Hapo ndipo pana hatari, nasi twataka kuisema wazi. Mtu aweza kuyasikia haya akasema, "Tazama, mateso yalimzalia mashairi. Basi mateso yana faida." Hasha! Tusiruhusu neno hilo litoke vinywani mwetu. Sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao babu zetu walifungwa minyororo wakapelekwa katika soko la watumwa la Unguja hata lilipofungwa mwaka 1873, hatuwezi kulisema. Tukumbuke vile vigae. Mfinyanzi husaga vigae kwa sababu chungu kimekwisha kuvunjika. Hakuna fundi avunjaye vyungu vizima ili apate chenga. Na zaidi ya hayo, yeye aliyekivunja chungu hana haki ya kumwambia mwenzake, "Kasage."

Mtungi wa Edgefield ulichukua swali la David. Haukumletea ndugu zake. Ulimtunzia jina, wala haukumpa uhuru. Hatuwezi kujua ni nafuu kiasi gani aliyoipata alipouinamia udongo ule, ila twaona kwamba hakukubali kunyamazishwa. Huo ndio mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Kazi ya mikono yaweza kumtunza mtu asivunjike kabisa wakati haki inapokawia. Haiwezi kuwa badala ya haki. Mjane aliyenyang'anywa shamba na jamaa za mumewe hahitaji kwanza udongo. Ahitaji shamba lake. Mke anayepigwa hahitaji kusuka ukili ili asahau. Ahitaji wazee wa kumzuia mwenye kupiga. Tukiwapa hao kazi ya kuwatuliza, na huku twaogopa kumkabili aliyewadhulumu, tumekuwa washiriki wake. Lakini hata shamba likiisha kurudishwa, moyo hubaki na vigae vyake, na hapo mikono ina kazi yake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ndiyo, udongo waweza kumtuliza mwenye huzuni. Si kwa kuiondoa huzuni, bali kwa kuipa mahali pa kukaa. Na kama vile chenga za chungu cha zamani huuwezesha udongo mpya kustahimili moto, vivyo hivyo huzuni iliyosagwa polepole yaweza kuingia katika maisha ya mtu ikawa sehemu ya nguvu yake. Iliyotiwa nzima nzima bila kusagwa hupasua.

Na sasa neno la matumizi, kwa kuwa elimu isiyofika nyumbani ni kazi bure. Siku hizi ndoo za plastiki na sufuria zimeingia kila nyumba, na mabinti wengi hawajui hata mahali mama zao walipokuwa wakichimba udongo. Hatuwazuii watu kununua sufuria. Ila twawaomba walimu wenzetu wawaite wafinyanzi wazee waje shuleni, si kwa ajili ya biashara tu, bali ili kila mtoto apate kujua walau mara moja namna kitu kilicho moyoni kiwezavyo kutoka kwa njia ya vidole. Mahali pasipo na udongo mwema, upo ukili, upo mti wa kuchonga, ipo bustani.

Na wewe msomaji, ukisikia kilio kwa jirani yako, enda. Usichukue maneno mengi. Keti naye chini. Kama kuna mtu aliyemdhulumu, simama upande wake. Na siku zikipita, naye akiwa ameketi mlangoni mikono yake juu ya magoti, mwombe akusaidie kazi ambayo kweli wahitaji msaada. Akianza kulia huku akiifanya, endelea na sehemu yako ya kazi, umwache alie.